Vichekesho vya Runinga: Utofauti wa Jamii na Dhana Mgando

Malengo ya mada

Kufikia mwisho wa mada hii, unatarajiwa uweze:
(a) kueleza maana ya dhana mgando na kuitofautisha na taasubi na ubaguzi;
(b) kufafanua kwa nini vichekesho vya runinga hupenda kutumia dhana mgando;
(c) kutoa mifano halisi kutoka Kenya, Uingereza na Marekani;
(d) kupima kipindi chochote cha vichekesho kwa kutumia maswali manne;
(e) kutumia maarifa haya katika insha ya mjadala na katika isimu jamii.

1. Swali lenyewe

Mtahiniwa mpendwa, utangamano wa kitaifa ni miongoni mwa mada unazopaswa kujiandaa nazo kabla ya kuingia katika Karatasi ya Insha (102/1). Hapa tutaitazama kupitia jambo ambalo huenda umelizoea tangu utotoni: vichekesho vya runinga. Chukulia kwamba umeulizwa hivi: "Vichekesho vya runinga huimarisha utangamano wa kitaifa." Jadili.

Wako watahiniwa watakaojibu: ndiyo, kwa sababu watu wa makabila mbalimbali huonekana humo. Wako watakaojibu: la, kwa sababu makabila huchekwa humo. Majibu yote mawili yana ukweli, lakini yote yameishia njiani. La kwanza linahesabu nyuso tu. La pili linalaumu kicheko chenyewe. Jambo la kupima ni jingine: yule anayeonekana amepewa nafasi gani katika hadithi, na watazamaji wanapocheka, wanacheka nini? Shika wazo hili moja. Mifano yote iliyo hapa chini inalirudia.

2. Maana ya istilahi

Utofauti wa jamii ni hali ya watu wa makabila, rangi, dini, jinsia, umri, tabaka na maumbile mbalimbali kuishi pamoja. Katika runinga, tunauliza kama hali hiyo inaonekana pia kwenye skrini.

Dhana mgando ni wazo lililogandishwa kuhusu kundi zima la watu. Husema: "Wao wote wako hivyo." Wazo hilo linaweza kuwa la kutusi, kwa mfano kwamba watu wa jamii fulani wote ni wavivu. Linaweza pia kuonekana kama sifa, kwa mfano kwamba watu wa jamii fulani wote ni hodari wa hesabu. Hata hili la pili lina madhara. Mtoto wa jamii hiyo ambaye hesabu zimemshinda huambiwa kuwa ana kasoro, na aliyefaulu hunyimwa pongezi kwa sababu "si ajabu, amezaliwa hivyo".

Taasubi ni mapendeleo au chuki inayotokana na dhana hizo kabla ya mtu kumjua mwenzake.

Ubaguzi ni tendo. Ni pale mtu anaponyimwa kazi, nyumba, nafasi au heshima kwa sababu ya kundi lake.

Tazama jinsi mambo haya matatu yanavyofuatana. Mwenye nyumba anaamini kuwa watu wa kabila fulani hawalipi kodi. Hiyo ni dhana mgando. Mpangaji wa kabila hilo anapofika mlangoni, mwenye nyumba anamkunjia uso kabla hajasalimiwa. Hiyo ni taasubi. Kisha anamwambia kuwa chumba kimeshachukuliwa, ilhali kiko wazi. Huo ni ubaguzi. Mpangaji hakukosa lolote, lakini usiku huo hana pa kulala.

Dhana mgando hufuata mantiki ya methali isemayo kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hii hufaa tukizungumzia tabia mbaya inayoambukizana, bali haifai kuwa kipimo cha kabila au rangi ya mtu. Ya kuijibu ipo: vidole vya mkono mmoja havilingani. Unaweza kuzitumia zote mbili katika insha moja, mradi ueleze wazi kila moja inatetea upande gani.

3. Kwa nini vichekesho hupenda dhana mgando?

Tunazungumzia vichekesho vya mfululizo, yaani vile vyenye wahusika walewale, mahali palepale na kisa kipya kila wiki. Muundo wake ndio unaovivuta kuelekea dhana mgando. Sababu kuu ni tatu.

(i) Muda ni mfupi. Nchini Marekani, kipindi cha nusu saa hubakiwa na takriban dakika 22 baada ya kutoa matangazo ya biashara. Ndani ya dakika hizo, mtazamaji amtambue mhusika, aelewe tatizo, acheke na aone mwisho. Mwandishi hana nafasi ya kumwelezea mtu polepole. Vazi, lafudhi na kazi ya mhusika hutumika kama njia ya mkato.

(ii) Hali lazima irudi ilivyokuwa. Katika riwaya, mhusika hupitia mambo na kubadilika. Katika vichekesho vya mfululizo, mlevi wa wiki hii ni sharti awe mlevi wiki ijayo, la sivyo kipindi kitakosa mlevi wake. Kwa hiyo wahusika wengi hubaki vilevile kwa miaka.

(iii) Mtazamaji hucheka anapotambua. Mzaha hufaulu haraka unapogusa jambo ambalo watu tayari wanalisadiki. Mwandishi mvivu huchukua dhana iliyomo vichwani mwa watu na kuwarudishia.

Hapa kumbuka somo la fasihi. Mhusika bapa ana sifa moja isiyobadilika. Mhusika duara ana sifa nyingi, hupambana na nafsi yake na anaweza kutushangaza. Vichekesho vina haki ya kuwa na wahusika bapa. Bahili wa kuchekesha ni bahili tu. Tatizo huanza pale kila bahili anapotoka jamii moja, kila mjinga anapotoka mashambani, na kila mke anapokuwa wa kufoka na kupiga kelele. Hapo sifa haimhusu tena mhusika, inalihusu kundi.

4. Mifano minne kutoka nje

(a) Amos 'n' Andy (Marekani)

Kipindi hiki kilianza redioni mwaka 1928. Wahusika wake walikuwa Wamarekani weusi, lakini waliowaigiza walikuwa wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll. Kilipohamia runinga ya CBS mwaka 1951, waigizaji weusi walipewa nafasi hizo. Ukihesabu nyuso, huo ulikuwa ushindi: karibu waigizaji wote walikuwa weusi, jambo lililokuwa nadra sana.

Hata hivyo, chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilikipinga mwaka huohuo. Kilidai kuwa kipindi hicho kiliwachora watu weusi kuwa wajinga, wavivu na walaghai, na kwamba hata mwanasheria na daktari walionyeshwa kuwa matapeli. CBS iliacha kukitengeneza mwaka 1953, lakini marudio yake yaliendelea kuonyeshwa na vituo mbalimbali hadi yalipoondolewa mwaka 1966.

Funzo: mwanasheria mlaghai katika kipindi cha wazungu hakuwadhuru wazungu, kwa sababu vipindi vingine kumi vilionyesha wanasheria wazungu waadilifu. Mweusi hakuwa na vipindi hivyo vingine. Taswira moja inapobeba jamii nzima peke yake, kosa lake huwa kubwa zaidi.

(b) Mind Your Language (Uingereza)

Kipindi hiki kilirushwa nchini Uingereza kuanzia 1977 hadi 1979, kisha kikauzwa katika nchi nyingi. Kinahusu darasa la jioni jijini London ambamo mwalimu Jeremy Brown anawafundisha wageni Kiingereza. Darasani mna Mpakistani, Sikh kutoka India, Mwitaliano, Mgiriki, Mfaransa, Mjerumani, Mhispania, Mjapani na Mchina, miongoni mwa wengine.

Kwa hesabu ya nyuso, ni vigumu kupata kipindi chenye utofauti kuliko hiki. Lakini tazama walichopewa. Mfaransa ni mrembo wa kuvutia wanaume. Mjerumani ni mkakamavu na mchapakazi. Mjapani huinama na kuzungumzia kampuni. Mchina hutembea na kitabu cha mwenyekiti Mao. Mpakistani ambaye ni Mwislamu na yule Sikh hugombana karibu kila wanapokutana. Kila mmoja amegeuzwa bendera ya nchi yake. Kipindi kilisitishwa mwaka 1979 huku kikilaumiwa kwa kuwadhihaki watu wa mataifa mengine, ingawa kilifufuliwa kwa muda mfupi katika miaka ya themanini.

Funzo: wingi wa makundi si sawa na utofauti. Darasa lenye mataifa kumi na sifa kumi ni mkusanyiko wa wahusika bapa. Lakini taja pia upande wa pili: wapo watazamaji wengi, wakiwemo watu wa mataifa hayohayo, waliokipenda kwa sababu wanafunzi wale walionyesha ari ya kujifunza na kusaidiana. Insha ya mjadala inakutaka uone yote mawili.

(c) All in the Family (Marekani)

Kipindi hiki kilianza CBS mwezi Januari 1971. Kilitokana na kipindi cha Uingereza cha BBC, Till Death Us Do Part. Mhusika mkuu, Archie Bunker, ni mfanyakazi mzungu wa jijini New York mwenye dharau kwa weusi, Wayahudi, wahamiaji na wanawake wanaodai haki. Lengo la mtayarishaji, Norman Lear, lilikuwa kuuanika ubaguzi ili uchekwe. Archie husema upuuzi, kisha matukio humuumbua. Katika fasihi tungeita mbinu hii kinaya na tashtiti.

Je, watazamaji wote waliielewa hivyo? Mwaka 1974 watafiti wawili, Neil Vidmar na Milton Rokeach, walichapisha uchunguzi uliohusu vijana wa Marekani na watu wazima wa Kanada. Waligundua kuwa watazamaji wenye taasubi walielekea kumwona Archie kuwa msema kweli, na wale wasio na taasubi walielekea kumwona kuwa kichekesho. Kipindi ni kimoja, lakini kila mtu alitoka na alichoingia nacho.

Funzo: nia ya mwandishi haitoshi. Tashtiti huweza kugeuka kipaza sauti cha kile inachokikejeli iwapo anayeonewa hana sauti ya kujibu ndani ya hadithi.

(d) The Cosby Show (Marekani)

Kipindi hiki cha NBC, kilichoonyeshwa kuanzia 1984 hadi 1992, kilikwenda upande ulio kinyume na Amos 'n' Andy. Kilionyesha familia ya watu weusi ambamo baba ni daktari, mama ni mwanasheria na watoto wanahimizwa kusoma. Watoto wengi weusi walijiona katika familia yenye heshima. Hiyo ilikuwa faida kubwa.

Hata hivyo, mwaka 1992 watafiti Sut Jhally na Justin Lewis walichapisha kitabu kuhusu namna watazamaji walivyokielewa. Waliona kuwa baadhi ya watazamaji wazungu walihitimisha hivi: ikiwa familia hii imefanikiwa, basi ubaguzi umekwisha, na mweusi aliye maskini ajilaumu mwenyewe.

Funzo: dawa ya taswira mbaya moja si taswira nzuri moja. Dawa ni taswira nyingi: daktari na mlinzi, mwema na mkorofi, tajiri na mchochole, wote kutoka jamii ileile.

5. Hali nchini Kenya

Vichekesho vya runinga nchini Kenya vina historia ndefu. Vitimbi na Vioja Mahakamani vya shirika la utangazaji la taifa vililea vizazi vya watazamaji. Baadaye runinga za kibinafsi zilileta vipindi kama Papa Shirandula na Inspekta Mwala. Vingi vilitumia Kiswahili, na kwa njia hiyo Mkenya wa Busia na wa Lamu waliweza kucheka pamoja. Hii ni hoja thabiti ya upande wa kuunga mkono.

Mfano wa kwanza ni Mzee Ojwang' wa Vitimbi. Mhusika alikuwa Mjaluo mwenye lafudhi nzito, lakini mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Jambo hili laweza kutazamwa kwa njia mbili. Kwa upande mmoja, mtu wa jamii moja aliigiza mtu wa jamii nyingine na akapendwa kote nchini, hata watazamaji wengi wakadhani ni Mjaluo wa kuzaliwa. Kwa upande mwingine, lafudhi iliyokolezwa ilikuwa sehemu ya kichekesho. Ukilinganisha na wazungu wawili wa Amos 'n' Andy, utaona tofauti: wao waliigiza watu waliofungiwa nje ya studio, katika nchi iliyowatenga kisheria. Katika Vitimbi, waigizaji wa jamii mbalimbali walikuwa pamoja jukwaani. Kwa hiyo, kuigiza mtu wa kundi jingine hakutoshi kuhukumu. Uliza kundi hilo lenyewe lina nafasi gani.

Mfano wa pili ni Papa Shirandula wa Citizen TV, aliyeigizwa na Charles Bukeko hadi alipofariki mwaka 2020. Papa ni mlinzi. Hata hivyo, hutoka nyumbani amevaa suti ili mkewe, Wilbroda, asijue kazi yake halisi, kisha hubadilisha mavazi afikapo kazini. Hapa pia pana pande mbili. Nchini mwetu ipo dhana ya zamani inayowahusisha Waluhya na kazi za ulinzi na upishi, na kipindi kinaweza kuonekana kuirudia. Lakini kicheko kikubwa kinatokana na ile suti. Tunacheka uongo wa Papa, na nyuma ya uongo huo tunaiona jamii inayomdharau mlinzi kiasi kwamba mtu anaificha kazi halali kwa mke wake. Mlinzi mwenye aibu, hila na familia anakaribia kuwa mhusika duara.

Usisahau wasioonekana. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wamakonde kuwa jamii ya 43 ya Kenya, na Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa jamii ya 44. Jiulize: ni mara ngapi umemwona Mmakonde katika kichekesho? Na Mkenya wa asili ya Kiasia anapoonekana, je, huwa na kazi nyingine isipokuwa kusimama nyuma ya kaunta ya duka? Mtu mwenye ulemavu naye huonekana kama nani? Kutoonekana kabisa, au kuonekana kwa sura moja tu, ni mambo mawili yenye athari moja.

6. Lafudhi: kiungo na isimu jamii

Silaha kuu ya vichekesho vyetu ni lafudhi. Sehemu hii itakusaidia pia katika Karatasi ya 102/2, unapoulizwa kuhusu athari za lugha ya kwanza.

Lafudhi hutokana na mfumo wa sauti wa lugha ambayo mtu aliizoea kwanza. Dholuo haina sauti /sh/, kwa hivyo mzungumzaji wake anaweza kutamka "sule" badala ya "shule". Gĩkũyũ haitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili kinavyofanya, hivyo "kalamu" huweza kusikika kama "karamu". Katika lahaja kadhaa za Kiluhya, sauti kama /g/ haitokei peke yake bila sauti ya pua mbele yake, na "gari" huweza kuwa "kari". Si kila mzungumzaji hutamka hivyo. Wengi huzoea sauti mpya wakisoma na kutangamana.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, lafudhi haipimi akili. Aliyetamka "sule" anaweza kuwa ndiye bingwa wa fizikia katika shule hiyo. Pili, hakuna mtu asiye na lafudhi. Mwingereza hupata taabu kutamka "ng'ombe" kwa sababu Kiingereza hakianzi neno kwa sauti hiyo, lakini ni nadra kumwona akichorwa kuwa mjinga kwa sababu hiyo. Katika vichekesho vingi, mhusika msomi wa mjini huonekana kama asiye na lafudhi, na wengine ndio "wenye lafudhi". Uamuzi wa lafudhi ipi ichekwe haufanywi na sauti. Unafanywa na hadhi ambayo jamii imewapa wazungumzaji wake.

Gharama yake iko karibu nawe. Mwanafunzi aliyechekwa mara mbili akisoma kwa sauti darasani hatainua mkono mara ya tatu. Mwaka utakwisha akiwa na jawabu sahihi mdomoni ambalo mwalimu hakulisikia.

7. Maswali manne ya kupima kichekesho

Unapotazama kipindi chochote, au unapopewa dondoo ukaulizwa utoe maoni, jiulize:

(i) Je, mhusika ana jina, haja na kasoro zake mwenyewe, au ni kabila lake tu linalotembea?
(ii) Je, kinachochekwa ni mtu alivyozaliwa, au ni tendo alilochagua? Ulafi, uongo, majivuno na rushwa ni matendo. Rangi, kabila, ulemavu na lafudhi si matendo.
(iii) Je, anayetaniwa ana nafasi ya kujibu, kushinda au kuwa sahihi angalau mara moja?
(iv) Je, jamii hiyo ina taswira nyingine katika runinga, au hii ndiyo pekee?

Jaribu maswali haya kwa mifano uliyosoma. Amos 'n' Andy kinaanguka katika swali la (iv). Mind Your Language kinayumba katika la (i). All in the Family kinatutahadharisha kuhusu la (iii). Papa Shirandula kinapata alama nzuri katika la (ii), kwa kuwa kinachochekwa zaidi ni uongo.

Tanbihi: utani si adui. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zina utani wa jadi baina ya makabila, mashemeji au babu na wajukuu. Lakini utani una masharti: wanaotaniana wanajuana, na kila upande una ruhusa ya kujibu. Runinga humtania mtu asiyekuwepo chumbani. Ndiyo maana swali la (iii) ni muhimu.

8. Sheria na historia

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilikumbwa na ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu kutoka makwao. Usidai katika insha kwamba vichekesho vilisababisha ghasia hizo. Huo utakuwa utiaji chumvi usio na ushahidi. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba mtu hulengwa kwa urahisi zaidi anapokuwa ameshazoeleka kuonekana kama kabila kwanza, na jirani baadaye.

Hatua zilizofuata ni pamoja na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyounda tume ya kusimamia masuala hayo na kuharamisha matamshi ya chuki. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza, ukiwemo wa ubunifu wa kisanaa, katika Kifungu cha 33. Kifungu hichohicho kinasema kuwa uhuru huo hauhusishi matamshi ya chuki wala uchochezi wa kikabila. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwemo rangi, jinsia, asili ya kikabila, ulemavu, dini, mavazi na lugha.

Mzaha mbaya si lazima uwe kosa la jinai. Sheria huzuia chuki na uchochezi, lakini haiwezi kumlazimisha mwandishi kumpa mhusika utu. Kazi hiyo ni ya waandishi, na ya watazamaji wanaojua kutofautisha.

9. Jinsi ya kuandika insha yako

Utangulizi: eleza kwa ufupi vichekesho vya runinga ni nini na utaje kuwa suala lina pande mbili.

Mwili: toa hoja za pande zote mbili. Kila hoja iwe na aya yake, maelezo na mfano. Hoja za kuunga mkono ni kama vile kukuza Kiswahili, kuwakutanisha waigizaji wa jamii mbalimbali, kukejeli maovu na kupunguza uhasama kwa kicheko. Za kupinga ni kama vile kurudia dhana mgando, kudunisha lafudhi, kuzipuuza jamii ndogo na kuwachora wanawake kwa sura moja.

Hitimisho: chukua msimamo. Usimalizie kwa "kila jambo lina uzuri na ubaya wake" ukaishia hapo.

Linganisha aya hizi mbili.

Aya dhaifu: "Vichekesho ni vibaya kwa sababu vinacheka makabila. Hii si vizuri kwa sababu sisi sote ni Wakenya. Tunafaa kupendana."

Aya thabiti: "Aidha, vichekesho huweza kuigeuza lafudhi kuwa alama ya ujinga. Mhusika atamkaye 'sule' badala ya 'shule' hupewa pia nafasi ya mtu asiyeelewa lolote, ilhali matamshi hayo hutokana na lugha yake ya kwanza wala si upungufu wa akili. Mtazamaji akilishwa taswira hiyo kila wiki, huenda akamdharau mwenzake wa darasani kabla hajamsikiliza."

Aya ya pili ina hoja, sababu, mfano na athari. Ya kwanza ina mawaidha tu.

Onyo: usiipinge dhana mgando kwa kuanzisha nyingine. Sentensi kama "watu wa jamii fulani ndio wakabila zaidi" itaibomoa insha yako yote. Pia, andika majina ya vipindi kama yalivyo, wala usibuni takwimu ili kuipamba hoja.

10. Maswali ya marudio

1. Tofautisha dhana mgando, taasubi na ubaguzi, ukitoa mfano mmoja unaounganisha zote tatu. (alama 6)
2. Eleza sababu tatu zinazofanya vichekesho vya mfululizo vitegemee wahusika bapa. (alama 6)
3. "Kuonekana katika runinga si sawa na kuheshimiwa." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea vipindi viwili. (alama 8)
4. Huku ukitoa mifano mitatu, eleza jinsi lugha ya kwanza inavyoathiri matamshi ya Kiswahili. (alama 6)
5. Chagua kichekesho kimoja unachokifahamu. Kipime kwa maswali manne ya sehemu ya 7. (alama 8)
6. Insha: "Vichekesho vya runinga huimarisha utangamano wa kitaifa." Jadili. (alama 20)

Kidokezo cha swali la 5: chagua kipindi unachokipenda, wala si unachokichukia. Kukosoa unachokichukia ni rahisi. Ukiweza kutaja kasoro ya kipindi kinachokuchekesha, na bado ukaeleza kwa nini kinakuchekesha, swali la 6 halitakushinda.